Apolo Kivebulaya: mnyororo wa Toro na njia ya pori

Kila tarehe 30 Mei ndugu zetu Waanglikana wanamkumbuka Apolo Kivebulaya, aliyekufa Boga mwaka 1933. Wengi wetu tunalipita jina hilo tukifikiri ni jambo la jumuiya moja tu. Tumeona vema kuandika habari zake kwa waamini wote wa mashariki, sababu mtu huyu alihubiri Ituri kabla jumuiya nyingi zetu hazijafika huko, na sababu mapambano aliyoyapata ndani ya roho yake ndiyo yanayowapata watu leo katika nyumba nyingi, kutoka Bunia mpaka Beni, kutoka Rutshuru mpaka Uvira.

Alizaliwa karibu na mwaka 1864 katika ufalme wa Buganda. Alikuwa pacha, na kwa desturi ya Waganda alipewa jina la Waswa, jina la pacha wa kwanza. Aliinuka katika wakati wa fujo. Waislamu walikuwa wamekwisha kufika kwa mfalme Mutesa, halafu wakaja wamisionari wa Kianglikana mwaka 1877, halafu mapadri wa Kikatoliki mwaka 1879, na kila upande ulikuwa na watu wake mbele ya kiti cha mfalme. Kijana Waswa alisikia mafundisho ya Kiislamu kwanza, na baadaye akasikia yale ya Alexander Mackay, mmisionari fundi aliyechapa vitabu kwa mikono yake. Mwaka 1888 vita vya dini vilianza, na Waswa akabeba silaha kama vijana wengine wa rika lake. Mwaka 1891 alikwenda Toro katika msafara wa jeshi la Lugard, ule uliomrudisha mfalme Kasagama kwenye kiti chake.

Tunalitaja jambo hili la silaha kwa kusudi. Kuna watu katika makusanyiko yetu waliopita kwenye vikundi vya silaha wakiwa vijana, wengine kwa kutaka, wengine kwa kukamatwa, na wanakaa nyuma kabisa kanisani kama watu wasio na haki ya kuketi mbele. Apolo alifika Toro mara ya kwanza akiwa askari. Alirudi huko miaka minne baadaye, akiwa mwalimu wa Injili.

Mwanzo wa mwaka 1895 alibatizwa, akachukua jina la Apolo, kwa kumkumbuka yule Myahudi wa Alexandria tunayemsoma katika Matendo ya Mitume. Jina la Kivebulaya alipewa na watu. Kwa Kiganda maana yake ni kitu kilichotoka Ulaya. Walimcheka kwa ajili ya koti la kizungu alilopenda kuvaa pamoja na kanzu yake. Jina la kuchekwa likabaki, na leo liko juu ya makanisa na mashule.

Alikuwa na mchumba. Msichana huyo alikufa kabla ya ndoa, na Apolo hakuoa tena maisha yake yote. Kwa Mwafrika wa wakati ule, na hata kwa wakati wetu, mtu mzima asiye na mke wala mtoto wa damu yake ni mtu wa kuulizwa maswali kila siku. Hatusikii kwamba alijitetea sana. Baadaye nyumba yake ilijaa watoto na vijana wa watu wengine, waliokula naye na kusoma kwake.

Mwaka uleule wa 1895 alitumwa Toro kufundisha. Mwishoni mwa 1896 akatumwa mbele zaidi, ng'ambo ya mto Semliki, mahali palipoitwa Mboga, ndipo Boga ya leo katika teritware ya Irumu. Njia ilipita kwenye mabega ya Ruwenzori, halafu ikashuka katika bonde la joto lenye simba, halafu ikapanda tena upande wa Kongo mpaka mahali ambapo mtu anaona pori likianza na halina mwisho.

Walimu wawili walikuwa wametangulia kufika Boga. Walirudi. Shefu wa pale, Tabaro, alikuwa amewanyima chakula, na mwalimu asiyekula hafundishi. Apolo alisikia habari hiyo akiwa bado Toro, na kabla ya kusafiri alinunua jembe.

Jembe hilo linatupendeza kuliko mambo mengi yanayosemwa juu yake. Tumezoea kusikia kwamba mtu wa imani hapangi kitu, anaondoka tu na Mungu atafungua. Apolo aliamini kwamba Mungu anamtuma Boga, na kwa sababu aliamini hivyo alijua atakaa huko muda mrefu, na mtu wa kukaa muda mrefu anahitaji shamba. Tabaro alipokataza watu kumpa chakula, alikuta mwalimu huyu analima. Na usiku kulikuwa na wanawake waliomletea kitu kidogo kwa siri.

Tabaro hakuwa na chuki bila sababu. Ufalme wake ulisimama juu ya desturi, juu ya waganga na hirizi, juu ya pombe ya pamoja na wake wengi, na huyu mgeni alikuja kuwafundisha vijana kusoma kitabu kilichogusa mambo hayo yote. Vijana walipoanza kuchoma hirizi, waganga walimwendea shefu. Apolo alipigwa kwa amri yake. Inasimuliwa kwamba siku moja alipigwa mpaka waliompiga wakadhani amekufa, wakamtupa katika majani marefu, na kwamba mwanamke mmoja alimkuta akiwa bado anapumua, akamficha na kumtunza mpaka akapona. Alipopata nguvu, alikwenda kanisani akapiga ngoma ya ibada kama kawaida. Shefu alisikia ngoma ya mtu aliyedhani ni maiti.

Kama mambo yangeishia hapo, habari hii ingekuwa rahisi kuhubiri. Mwenye haki anapigwa, mwenye haki anasimama, adui anashangaa. Lakini kilichofuata ni kigumu zaidi, na wahubiri wengi wanakiruka.

Mwaka 1898 dada ya Tabaro alikufa, na mkuki uliomwua ulikuwa wa Apolo. Ilikuwa ajali. Watu walikuwa wakifanya kazi ya ujenzi kwa mwalimu, mkuki ulikuwa umewekwa katika majani, yule mama akajikwaa akauangukia. Hakuna aliyemsukuma. Lakini fikiri kidogo: mgeni asiyetakiwa, mkuki wake, dada ya shefu. Nyumba ya Apolo ilichomwa moto. Yeye alifungwa, akapigwa, akavushwa Semliki akiwa mfungwa na kupelekwa Toro mbele ya mamlaka ya Waingereza kama mwuaji.

Kuteswa kwa ajili ya Injili kunauma, lakini moyo unajua sababu yake. Hapa Apolo hakuwa na faraja hiyo. Mtu alikuwa amekufa kweli, mtu aliyekuja kumsaidia. Mbele ya macho ya watu wa Boga, mafundisho yake yote yalikuwa yamefunikwa na damu ya mwanamke mmoja. Hata kama angefunguliwa, angerudije? Angesimama mbele ya nani na kusema habari ya upendo wa Mungu? Tunajua kutoka kwa ushuhuda wake mwenyewe kwamba siku zile alivunjika moyo.

Wako kati yetu wanaojua hali hiyo. Dereva aliyepindua gari na abiria wakafa. Mama aliyemwacha mtoto mgonjwa kwa jirani ili akimbie na wengine wawili. Mlinzi aliyefungua mlango usiku kwa mtu asiyemjua. Hawakufanya dhambi ambayo wanaweza kuitaja katika toba na kuiacha. Lakini usiku hawalali, na wakisali wanaona kama maneno yao yanagonga bati na kurudi chini. Tumesikia watu wa namna hii wakiambiwa katika vyumba vya sala kwamba wamepungukiwa imani, au kwamba kuna pepo wa ukoo anayewafuata. Sisi hatukubali dawa hiyo. Inamwongezea mgonjwa ugonjwa wa pili.

Katika siku zile za kifungo Apolo alimwona Yesu. Ndivyo alivyoshuhudia, na alishuhudia hivyo miaka mingi baadaye bila kubadilisha. Ilikuwa usiku. Alimwona Bwana aking'aa kama jua, akamwambia ajipe moyo kwa sababu yuko pamoja naye. Apolo aliuliza ni nani anayesema naye. Akajibiwa kwamba ni Yesu Kristo, na kwamba awahubiri watu wake bila kuogopa. Basi. Hakuna zaidi ya hayo.

Tunaomba msomaji atazame ni nini hakikusemwa. Bwana hakumweleza kwa nini yule mama alikufa. Hakumwambia kesi yake itakwisha lini. Mnyororo haukuanguka kama ule wa Petro katika Matendo ya Mitume sura ya 12. Asubuhi ulikuwa palepale. Alichopewa ni ahadi ya kutoachwa, ileile ambayo wanafunzi walipewa juu ya mlima mwishoni mwa Injili ya Mathayo, na kazi ileile iliyomleta matatani. Wengine watasema ni kidogo. Apolo mwenyewe aliuhesabu usiku ule kuwa mwanzo wa nguvu yake. Alisema tangu hapo watu walipomsikia akihubiri walitubu upesi kuliko zamani.

Kesi ilisikilizwa, ikaonekana hana hatia, akafunguliwa. Na alirudi Boga. Hakuna sheria iliyomlazimisha. Toro kulikuwa na kazi nyingi, kulikuwa na mfalme Kasagama aliyekwisha kubatizwa kwa jina la Daudi, kulikuwa na rafiki. Alivuka mto tena na kwenda kwa shefu aliyempoteza dada. Hapo sisi tunaona imani yake kuliko katika maono. Maono hayako mikononi mwa mtu, Bwana humpa amtakaye. Kurudi kulikuwa mikononi mwa Apolo.

Mwishowe Tabaro mwenyewe aliomba mafundisho. Alibatizwa, na jina alilochukua ni Paulo, jina la mtesaji aliyegeuka. Watu hawa wawili waliishi baadaye kama ndugu wa kanisa moja. Kwa sisi wa Ituri na Kivu, ambao tumeona damu kati ya jirani na jirani na tumeulizwa mara ngapi kama upatanisho unawezekana, hiyo si habari ndogo. Haikuja kwa semina. Ilichukua miaka, na aliyeanza ni yule aliyekuwa amepigwa.

Kwa miaka iliyofuata tutapita haraka. Apolo aliitwa kufanya kazi Toro, akawa shemasi mwaka 1900 na kasisi mwaka 1903, akazunguka sana, akafundisha walimu wengine. Wakati huo wazungu walikuwa wakibishana juu ya mpaka. Mwaka 1910 walipatana, na Boga ikaangukia upande wa Kongo ya Wabelgiji. Kanisa dogo la Boga likajikuta katika inchi moja na askofu wake katika inchi nyingine. Karibu na 1915 Apolo alirudi huko akae kabisa, akiwa na umri wa zaidi ya miaka 50. Mwaka 1922 walimpa heshima ya kuwa kanoni wa kanisa kuu la Namirembe, lakini makao yake yalibaki Boga, katika nyumba ya miti na udongo.

Mwaka 1921 alipata maono mengine. Bwana alisimama karibu naye kama mtu, akamwambia aingie katika pori na kuhubiri huko, kwa sababu yuko pamoja naye. Ahadi ilikuwa ileile ya gerezani; kazi ndiyo ilikuwa mpya. Katika pori waliishi Wambuti, ambao watu wa vijijini wengi waliwadharau. Walibadilishana nao nyama kwa ndizi, lakini hawakuwahesabu kama watu wa kukaa nao benchi moja. Tuseme kweli: dharau hiyo haijaisha, na iko hata ndani ya makanisa yetu. Tunajua mahali ambapo Wambuti wanakuja ibadani na kusimama nje dirishani.

Apolo alikuwa na miaka karibu 60. Alianza kuingia porini pamoja na wainjilisti wake, akijifunza lugha, akikaa nao chini ya vibanda vyao vya majani. Wambuti wanahama, leo kambi iko hapa, wiki ijayo imeondoka kufuata nyama na asali. Mtu anayetaka kuwafundisha sherti ahame nao au awangojee. Alitafsiri sehemu ya Injili ya Marko katika lugha yao. Mwaka 1932 Wambuti wa kwanza walibatizwa. Hesabu miaka: kutoka maono mpaka ubatizo ni miaka 11. Tungekuwa sisi, katika mwaka wa pili tungeandika ripoti kwamba uwanja huo ni mgumu, na katika wa tatu tungefunga kazi.

Pamoja na Wambuti aliwafikia pia watu wa makabila mengine kuzunguka Boga, na wengi wao wakawa walimu. Wainjilisti aliowatuma walitoka katika makabila ambayo siku nyingine hayakusalimiana. Hatutaki kumfanya Apolo awe mtu asiye na mawaa. Alikuwa Mganda wa wakati wake, aliyekuja kutoka ufalme wenye nguvu, na wengine Boga waliona kwamba pamoja na Injili analeta ukubwa wa Waganda. Alikuwa mkali juu ya pombe na juu ya desturi, pengine kuliko ilivyohitajika. Lakini watu walimzoea kama mtu aliyelima shamba lake mwenyewe na aliyekula walichokula wao, na hilo lilifunika mengi.

Mwanzo wa 1933 ugonjwa wa moyo ulikuwa umemshika. Hakutaka kufia mahali pengine ila Boga. Alikufa tarehe 30 Mei, na watoto wa nyumba yake, wale ambao hakuwazaa, walikuwa wengi.

Aliacha agizo moja juu ya mazishi yake, nalo liliwashangaza watu. Kwa desturi, maiti ya mtu wa kutoka mbali ililazwa kichwa kikielekea kwao alikotoka. Kwa Apolo hiyo ilikuwa mashariki, kwa Waganda. Yeye aliomba kichwa chake kielekezwe magharibi, kwenye pori, sababu kazi bado ilikuwa upande ule. Walimzika hivyo.

Miaka 88 baadaye, tarehe 30 Mei 2021 iliangukia siku ya Mungu. Usiku wake, kuamkia tarehe 31, Boga na Tchabi vilishambuliwa, na watu zaidi ya 50 waliuawa, wengine wao wakiwa wahamaji waliokuwa wamekimbilia pale kutafuta usalama. Watu walikimbia kwa miguu. Tunaandika hilo hapa kwa sababu hatuwezi kusimulia habari za Apolo kama vile Boga ni mahali pa kumbukumbu tu. Wakristo wa pale, wa kwake na wa jumuiya zetu nyingine, wanauliza maswali yaleyale aliyoyauliza mfungwa wa Toro, na hatuna jibu la haraka la kuwapa. Wanaofikiwa na maandishi haya na wanaopokea ndugu kutoka Boga katika nyumba zao, wawaulize habari za kwao, wasiwape mahubiri kwanza. Na kama kuna shamba dogo la kuwaazima, jembe pia litasaidia.

Baada ya kifo cha Apolo wainjilisti wake waliendelea. Kwa miaka mingi Boga ilibaki kama tawi dogo la kanisa la Uganda, lenye walimu wenye mshahara mdogo au wasio na mshahara, waliokwenda vijiji hadi vijiji kwa miguu, upande ule wa magharibi aliouonyesha. Mwaka 1972 dayosisi ya kwanza ya Kianglikana katika inchi yetu iliundwa, na kiti cha askofu kikawekwa Boga. Kutoka pale zilizaliwa nyingine, Bukavu na Kisangani kati yao.